Sekunde Nne za Shomari

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Naogopa, lakini hiyo siyo sababu. Sababu ni kwamba jina lake limebadilishwa mara tatu tangu mvua za vuli, na la nne bado liko kwa mafundi linashonwa kwenye bendera. Nikitaja la jana nitaitwa mchochezi, nikitaja la kesho nitaitwa mpelelezi. Tuseme tu kuna nchi fulani, ina watu wake na mvua yake, na inapenda mpira kupita kiasi.

Mimi naitwa Mbaraka, kinyozi. Saluni yangu ilikuwa mkabala na mlango wa ukumbi wa ligi, na mwenzenu nikiri mapema: napenda watu. Penye watu watatu nataka wawe thelathini, na penye thelathini nataka nijue nani kaachana na nani. Kichwa cha mteja nilikinyoa nusu saa nzima, robo saa ya mashine na robo saa ya umbea. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba mpira wote wa nchi utachezwa ndani ya jengo moja, na kwamba jengo hilo ni lazima lijae, wenzangu walinuna; mimi nilishangilia. Ukumbi kujaa kwa amri ya sheria! Nilidhani sheria hiyo wamenitungia mimi.

Kwa nini mpira uingie ndani, alitueleza Waziri wa Michezo na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kilunga, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mpira unaopigwa nje haujulikani utatua wapi. Unaweza kuvuka ukuta, unaweza kuvuka mpaka, unaweza kumpiga mtu asiyehusika! Serikali makini haiwezi kukaa kimya huku kitu cha duara kinazurura. Lakini ndani, ndugu wananchi, mpira ukipigwa unarudi. Na hivyo ndivyo kitu cha taifa kinavyotakiwa: kikienda, kirudi!"

Tulipiga makofi mpaka waliokuwa wakihesabu makofi wakaridhika.

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la pamba, lenye mlango mmoja tu. Timu zilikuwa nane, wachezaji sita kila upande, na kuta za mbao zinazorudisha mpira uwanjani, hata mtu hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Pembeni kulikuwa na kizimba, yaani benchi la watu wawili lililozungushiwa nondo. Mchezaji akifanya faulo anakaa humo dakika mbili, zikiisha anarudi mchezoni. Kanuni ya kawaida kabisa hiyo. Naambiwa hata nchi zenye majina zinayo.

Kisha kulikuwa na Kiti.

Kiti kilikaa juu ya jukwaa la kaskazini, ngazi kumi na mbili kutoka sakafuni, na koti refu la dhahabu limetundikwa mgongoni pake. Kilikuwa cha Mlezi Mkuu wa Ligi, ambaye pia ni Mlezi Mkuu wa kila kitu kingine. Katika msimu wa majaribio bao lilifungwa Mlezi akiwa bado yuko njiani, na alipoambiwa kwamba wakati umeanza bila yeye, alihuzunika. Huzuni ilidumu wiki mbili, na ndani ya wiki mbili hizo tulipoteza wahariri watatu na mtabiri mmoja wa hali ya hewa. Ndipo mafundi walipoweka springi chini ya mto wa Kiti, na waya kutoka kwenye springi mpaka kwenye Saa Kuu, ile yenye taa nyekundu ukutani. Mlezi akiketi, Saa inatembea. Akiinuka, Saa inasimama. Tangu hapo wakati haukumtangulia tena.

Na Mlezi akiwa Kitini, macho chini. Kumtazama ni faulo. Picha yake ya ukutani ilipigwa akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, na Wizara ilieleza kwamba inatosha kwa mahitaji yote ya kumwona.

*

Siku ya ufunguzi Viberiti walicheza na Mizani. Winga wa kushoto wa Viberiti alikuwa Shomari, mdogo wangu wa tumbo moja, kijana mwenye mguu wa kushoto ambao mama yetu huuita "yule mwanangu mwingine."

Kwanza ilipigwa kura ya tiketi, kama desturi ilivyo. Kila mechi inachaguliwa namba moja, na mwenye tiketi hiyo anapewa heshima ya kupanda ngazi kumi na mbili kufuta vumbi la Kiti kwa ufagio wa manyoya. Siku hiyo alipanda mwanamume mmoja mwembamba, hata sura sikuishika. Mfuta Kiti akipanda honi inalia, na sote tunainamisha macho, maana Mlezi anaweza kuingia dakika yoyote. Tukainama. Tukiwa bado tumeinama, Saa ikaanza kutembea. Mlezi keshaketi! Wimbo wa taifa ukapigwa. Mwanamume mwembamba hatukumwona akishuka, na nani angeuliza?

Kizimbani mlikuwa na mwanamke wa kilemba cha njano aliyebaki humo tangu msimu wa majaribio. Dakika zake mbili zikaisha, mlango ukafunguliwa, akatoka, na hatua ya kwanza tu akainua uso na kumtazama Mlezi. Filimbi! Akarudishwa. Dakika mbili zikaisha, akatoka, akatazama tena. Filimbi! Ikawa hivyo mara nne. Mwenzenu nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Mtu gani huyu hafundishiki?" nilimwambia Bi Kidawa, muuza bajia, aliyekuwa amekaa jirani yangu.

"Huyo ana lake jambo," alisema Bi Kidawa. "Mwanamke hatazami kitu mara nne bure."

Katika dakika ya tisa Shomari alimgonga bega beki wa Mizani. Bega tu, jamani. Refa akapuliza, Shomari akaingia kizimbani anacheka, akakaa karibu na yule mwanamke. Saa ikaandika jina lake na kuanza kumhesabia: 2:00, 1:59, 1:58. Kilemba cha njano kikatoka mara ya tano. Safari hii hakutazama juu. Alitembea moja kwa moja hadi mlangoni, akatoka nje.

Na hapo hapo Mlezi akainuka.

Tulijua kwa sababu Saa ilisimama. Alikuwa ameketi dakika kumi na moja kamili. Jina la mdogo wangu lilibaki likiwaka ukutani, na mbele yake namba: 0:04.

*

"Sekunde nne!" alisema mama yetu jioni ile. "Sekunde nne ni nini? Hata maziwa hayajapata moto." Akapakua wali wa Shomari, akaufunika kwa kawa. "Atakula akirudi."

Kesho yake akaufunika tena. Mlezi hakuja mechi ya pili. Hakuja ya tatu, wala ya tisa.

Mechi zenyewe ziliendelea kwa saa ya mkononi ya refa, maana ratiba ni ratiba. Lakini adhabu ni jambo la dola, na jambo la dola huhesabiwa na Saa Kuu peke yake. Kwa hiyo kila aliyeingia kizimbani aliandikwa 2:00 na akabaki 2:00. Benchi la watu wawili likawa na watu saba, kisha kumi na tisa. Wakabomoa ukuta wakaunganisha chumba cha kupimia pamba. Chumba kikajaa, wakafungua handaki la chini, lenye mlango wa chuma na kijidirisha cha wavu. Mlinzi wake, Afande Tegemeo, alikuwa mtu mpole. Tukiwapelekea ndugu zetu chakula alikipokea kwa mikono miwili na kukila kwa adabu.

Nilikuwa naruhusiwa kuongea na Shomari kwenye wavu, siku za mechi, kabla filimbi haijapulizwa.

"Kaka, bado?"

"Bado."

"Ngapi?"

"Nne."

"Zile zile?"

"Zile zile, mdogo wangu."

Kisha alikohoa. Handakini mlibaki vumbi la pamba la miaka arobaini, na Shomari tangu utotoni kifua chake si cha kuaminika. Kila mechi kikohozi kilizidi urefu, na sauti ilizidi ufupi.

Wachezaji waliobaki, msiwalaumu, waliogopa kugusana. Mtu akiletewa mpira anasogea pembeni, mpira unapita, unagonga ukuta, unarudi, na kila mmoja anaupisha kama anapisha jeneza. Kufunga ndiyo usiseme. Wizara ilishatoa waraka kwamba bao linalofungwa Mlezi hajaketi ni bao la kumtangulia Mlezi. Siku moja mpira ulizunguka wenyewe, ukagonga kuta tatu, ukaingia golini mwa Mizani. Golikipa aliuokota, akaufuta kwa jezi yake, akaurudisha katikati na kuomba radhi pande zote nne. Alipewa dakika mbili kwa kuomba radhi bila idhini.

Mwisho wa mzunguko wa kwanza timu zote nane zilikuwa na pointi sawa, na gazeti likaandika kwamba ligi yetu ndiyo yenye ushindani mkali kuliko zote duniani.

Akina mama waliandika barua kumwomba Mlezi aje kuketi kidogo. Wizara iliwajibu vizuri, kwa karatasi nzito: ombi limependeza, ila kwa mujibu wa utaratibu, maombi ya kumwomba Mlezi aketi hupokelewa Mlezi akiwa ameketi.

*

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Nitaisema upesi.

Bi Kidawa alikuja saluni na sinia lake la bajia, akafunga mlango kwa kisigino. "We Mbaraka, umesikia kwa nini haji?"

"Sijasikia." Masikio yangu yalikuwa yameshasimama.

"Ana jipu."

"Wapi?"

"Sasa mtu asiyeweza kuketi, jipu litakuwa wapi? Kwenye nyusi?"

Jamani, nilicheka. Ilikuwa miezi sijacheka hivyo. Nikanyoa vichwa kumi na moja siku hiyo, na kila kichwa kikaondoka na jipu lake. Kufikia adhuhuri ya pili wakaja wawili wenye suti za kufanana, wakakaa wote wawili kwenye kiti kimoja cha kunyolea.

"Nani kakwambia?" aliuliza mmoja.

Nikamtaja. Sikumtaja kwa ubaya. Nilimtaja kwa haraka.

Bi Kidawa aliingizwa kizimbani katika mechi ya Viberiti na Saruji, yeye ambaye hata mpira hajawahi kuugusa. Wizara ilifafanua kwamba mtazamaji ni mchezaji wa ziada, hivyo naye anaweza kufanya faulo. Alipopita mbele yangu nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Hujambo, Mbaraka," alisema, na akaendelea na safari yake. Afadhali angenitemea mate.

Tangu siku ile wateja waliacha kuongea. Wanakaa, wananyolewa, wanaondoka. Nilisikia sauti ya mashine yangu kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

*

Mwezi mmoja kabla ya fainali Waziri Kilunga alisimama katikati ya ukumbi na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, serikali yenu haina roho mbaya! Imeona kwamba wapo wenzetu handakini wenye muda ambao haujatumika. Muda wa taifa haupotezwi! Hivyo basi, siku ya fainali, filimbi ya mwisho ikilia, kila sekunde iliyobaki ukutani itageuzwa kuwa mwaka mmoja kamili, na wahusika watautumia katika mashamba ya chumvi ya Wizara, kwenye hewa safi!"

"Hewa safi oyee!" alipaza sauti mtu mmoja.

"Oyee!" tukaitikia, nami nikaitikia.

Mwenye dakika mbili alikuwa amepata miaka mia moja na ishirini. Shomari alikuwa na minne. Watu walinijia kunipa mkono. "Una bahati, Mbaraka! Minne tu! Wangu mimi atarudi mjukuu wa mjukuu wangu kashazeeka." Nikashukuru. Nilijua, na Afande Tegemeo alijua, kwamba kifua kile hakitamaliza mwezi mmoja wa chumvi.

"Mbaraka, baba," mama aliniuliza akiwa amelishika kawa mikononi, "kwani huyo mtu hawezi kukaa kidogo tu? Akae hata upande mmoja."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema nyumbani kwangu."

Nikaenda kufunga dirisha.

*

Fainali ilipangwa Jumamosi saa tisa alasiri. Ukumbi ulipaswa kujaa, lakini kwa hesabu ya kila siku robo tatu ya mtaa wetu ilikuwa chini ya sakafu. Wizara haikushindwa. Ililetwa mizigo ya masanamu, yale ya madukani ya kuvalishia nguo, yakapangwa safu kwa safu, yamevikwa fulana za timu. Mimi na tiketi yangu, jukwaa la mashariki, safu ya nane, kiti cha ishirini na moja, niliketi kati ya masanamu mawili. Mama alikaa safu ya mbele. Nilimweleza sanamu la kulia habari za mtaa, kwa mazoea tu. La kushoto lilionekana kusikiliza zaidi, kwa hiyo nikanyamaza.

Ikapigwa kura ya tiketi.

"Mashariki! Safu ya nane! Kiti cha ishirini na moja!"

Niligeuka kutazama ni nani huyo maskini.

Miguu ilinipeleka yenyewe. Mimi nilibaki nyuma. Nikapewa ufagio wa manyoya. Tangu ufunguzi watu ishirini na sita walikuwa wameshapanda ngazi hizo, wakafuta kwa ncha ya manyoya, wakashuka mbio. Mmoja aliegemea mto kidogo, Saa ikapepesa, akaenda handakini. Honi ikalia. Ukumbi mzima ukainamisha macho, walio hai na yale masanamu, ambayo shingo zao zilikuwa zimekunjwa mapema kwa kazi hiyo.

Nikafika juu. Nikafuta mkono wa kulia wa Kiti, nikafuta wa kushoto. Hakikuwa na vumbi. Kutoka pale unaona kila kitu: utosi wa mama, refa na filimbi yake, Saa na majina yake mia mbili na zaidi, na juu kabisa lile la kwanza. Shomari, 0:04. Kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia kikohozi kutoka chini ya sakafu. Kilianza, kikaendelea, hakikufika mwisho.

Sikuwa shujaa, nisije nikawadanganya. Niliwaza hivi: sekunde nne. Watu wote wameinama. Nitakaa, nitahesabu nne, nitaruka, nitasema nimeteleza.

Nikakaa.

Taa zikawaka. 0:03. Wimbo wa taifa ukapigwa. 0:02. Ukumbi ukapiga magoti kwa kishindo kimoja. 0:01. Mkojo ulinitoka kidogo, naomba radhi kwa wenye heshima zao. 0:00. Mlango wa chuma ukafunguliwa, na mdogo wangu akatoka amejiziba macho kwa mwanga, mweupe kwa pamba kutoka utosini hadi kucha, amekonda, ndevu zimemfika kifuani.

Nikashika mikono ya Kiti nijiinue. Ndipo jicho likaangukia kwenye Saa. Kidawa, 1:56.

Sekunde mia moja na kumi na sita. Kila moja ni mwaka wa chumvi, nami niliyemtaja kwa haraka, je, nitaondoka kwa haraka pia? Nikasema acha zishuke za Bi Kidawa. Makalio yakarudi chini.

Waziri Kilunga alikuwa ameshapanda ngazi, kwa magoti, macho kwenye viatu vyangu. Kandambili zile zile. Alichukua koti la dhahabu akanifunika mabegani.

"Mheshimiwa Mlezi," alinong'ona, "karibu."

"Mheshimiwa Waziri, mimi nimeteleza. Mimi ni kinyozi."

"Ukiinuka, wewe ni kinyozi aliyekalia Kiti. Ukikaa, wewe ni Mlezi. Saa imeshasema. Mimi ni nani nibishane na Saa?"

"Na Mlezi mwenyewe akija?"

Alizidi kuinamia kandambili zangu. Nikaingiza mikono mifukoni mwa koti. Vidole vikagusa karatasi. Nikazitoa: tiketi za ukumbi, za rangi mbalimbali, magharibi safu ya pili, kusini safu ya kumi. Zilikuwa saba. Ya juu ilikuwa ya siku ya ufunguzi.

"Huyu wa ufunguzi," nikasema, "yule mwembamba."

"Fundi cherehani," alinong'ona Kilunga. "Mkewe alikuwa kizimbani."

"Wa kilemba cha njano."

"Mke aliposhindwa kumshawishi mumewe ashuke, akaondoka zake. Naye akainuka amfuate." Waziri alivuta pumzi, na nikagundua kwamba naye anaogopa, anaogopa kuliko mimi. "Tumekaa msimu mzima bila mtu, Mheshimiwa. Kila mechi tunaita tiketi moja, tunangoja mwenye sababu. Ishirini na sita walifuta vumbi tu."

"Yuko wapi sasa?"

"Nani?"

"Fundi cherehani."

Kilunga alizitazama zile tiketi, akazirudisha mfukoni mwangu moja moja, kisha akatoa yangu mkononi mwangu na kuiweka juu yao. "Hajawahi kuwepo, Mheshimiwa."

*

Baada ya dakika mbili walitoka wote, mia mbili na kitu, wakapangusana pamba, wakalia kimyakimya macho chini. Bi Kidawa alitoka wa mwisho, sinia kwapani. Nilimwona mama akimkumbatia Shomari. Sasa, nikasema, hakuna aliyebaki. Sasa nainuka, liwalo na liwe.

Refa akapuliza filimbi. Beki wa Saruji alikuwa amepiga chafya. Saa ikaandika: 2:00.

Nikamngojea huyo beki amalize. Zilipobaki sekunde tisa filimbi ikalia tena, na mwingine akaingizwa. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila namba ikikaribia sifuri refa anamtazama Waziri, Waziri anatazama kandambili zangu, na filimbi inalia. Hakuna dakika ambayo hakuna mtu kizimbani, na kila aliye kizimbani ana mama yake. Fainali haijaisha. Ipo kwenye muda wa nyongeza, wiki ya sita sasa, bao hakuna, na gazeti linasema dunia nzima inatuonea wivu.

Naletewa chakula, naletewa ndoo, kwa heshima zote. Ukumbi umejaa pomoni. Masanamu wameyaondoa, hayahitajiki tena. Watu elfu tatu na mia tano mbele yangu, na ninachokiona ni visogo. Vingi nimevinyoa mimi. Naona kabisa midomo inavyopinda pembeni wakinong'onezana, naona bega likigonga bega kwa kicheko cha kubana, na ninajua kuna habari inapita pale, tena tamu, na hakuna anayeweza kunipandishia ngazi kumi na mbili kuniambia. Mpaka Alhamisi iliyopita.

Alhamisi Shomari alirudi, na kifua chake kina nafuu. Hakuja kucheza. Alipita katikati ya uwanja mpira ukimgonga miguuni, akasimama chini ya jukwaa langu, akainua uso, akanitazama. Mtu wa kwanza kuniona usoni baada ya wiki tano.

"Kaka," alisema, "Tegemeo kaoa. Kamwoa Bi Kidawa."

Filimbi! Wakamkamata, akaingizwa kizimbani, dakika mbili. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote ndani ya koti. Zilipoisha akatoka, hatua ya kwanza tu akatazama juu.

"Mahari ilikuwa sinia jipya."

Filimbi! Dakika mbili. Akatoka, akatazama.

"Saluni nimeifungua. Nanyoa vibaya, lakini wanakuja."

Filimbi! Nikamtikisia kichwa, nikamwambia kwa midomo tu: basi, nenda nyumbani. Kwa maana nilikuwa nimeshaona wapi mchezo huu unaishia. Siku moja atachoka, atatoka bila kutazama juu, atakwenda zake mlangoni, nami nitasahau wote walio kizimbani na kuinuka nimfuate, na mfuko wa koti utapata tiketi ya tisa. Yeye akanitikisia kichwa vilevile, kwa ubishi wa mguu wake wa kushoto. Zilipoisha dakika mbili akatoka, akasimama pale pale, akainua uso.

"Mama anasema hivi: wali wako ameufunika."

Refa akapuliza. Saa ikaandika: Shomari, 2:00. Nikajikaza vizuri juu ya mto, nisije nikatikisika, nikaanza kumhesabia.